Wayahudi wa Marekani hawana kauli moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nichangie jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likizungumzwa hapa Tanga, kuanzia kwenye baraza za kahawa za Ngamiani hadi kwenye magari ya abiria yaendayo Horohoro, nalo ni uhusiano wa karibu kati ya Marekani na Israeli na nafasi ya Wayahudi wa Marekani katika kuulinda. Mazungumzo hayo yamezidi tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, na si ajabu, kwa sababu mauaji tunayoyaona yanamuumiza kila mwenye moyo, na kwa sababu sisi wenyewe tulifikwa na msiba pale vijana wawili wa Kitanzania, waliokwenda Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo, walipouawa kufuatia shambulio la tarehe 7 mwezi huo. Siipingi huzuni hiyo wala hasira hiyo. Ninachokipinga ni kauli moja inayorudiwarudiwa mpaka imekuwa kama ukweli usiohitaji ushahidi, kwamba Wayahudi ndio wanaoitawala Marekani, na kwamba kwa hiyo urafiki wa nchi hizo mbili ni njama ya watu wa dini moja.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari za mkoa huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na inaniuma kuona wanafunzi wangu wa zamani, watu wazima wenye akili zao, wakiridhika na maelezo mepesi kiasi hicho. Historia ya jambo hili haikufichwa. Anayetaka kuijua ataikuta katika kumbukumbu za Bunge la Marekani, katika hotuba za marais wao, na katika maazimio ya jumuiya za Kiyahudi zenyewe, ambazo kwa desturi yao hubishana hadharani.

Utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2020 ulikadiria kwamba Wayahudi wa Marekani ni watu milioni 7.5, watoto wakiwamo, na kwamba miongoni mwa watu wazima wa nchi hiyo wao ni asilimia 2.4 tu. Katika utafiti huohuo, takriban wanane kati ya kila kumi walisema kuijali Israeli ni sehemu ya lazima au muhimu ya Uyahudi wao. Kwa hiyo anayesema kwamba wengi wao wanataka nchi yao iendelee kuwa rafiki wa karibu wa Israeli hakosei, na wao hawalifichi hilo. Linalopaswa kueleweka ni sababu yake. Mwezi Mei 1939 meli iitwayo St. Louis iliondoka Hamburg ikiwa na abiria zaidi ya 900, karibu wote Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler. Ilipofika Havana walizuiwa kushuka isipokuwa wachache. Meli ikasogea hadi karibu na pwani ya Florida, abiria wakaziona taa za Miami kwa macho yao, lakini Marekani nayo haikuwafungulia mlango. Wakarudishwa Ulaya, wakagawanywa kati ya Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, na 254 kati yao wakafa baadaye katika mauaji yaliyoangamiza Wayahudi milioni 6. Familia nyingi za Kiyahudi za Marekani zilipoteza jamaa katika miaka hiyo, na ndiyo maana kwao kuwapo kwa nchi moja isiyoweza kuwafungia mlango ni jambo zito kuliko siasa za chama hiki na kile. Mtu anaweza kuielewa hofu hiyo bila kukubali kila linalofanywa kwa jina lake, na mimi mengi siyakubali.

Isitoshe, msimamo huo haukuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1885 marabi wa madhehebu ya Mageuzi walikutana Pittsburgh wakatangaza kwamba Wayahudi si taifa tena, ni jumuiya ya dini tu, na kwamba hawatarajii kurudi Palestina. Maneno hayo yaliongoza madhehebu hayo kwa nusu karne, hadi yalipobadilishwa katika mkutano wa Columbus, Ohio, mwaka 1937, wakati Hitler alikuwa amekwisha kutwaa madaraka Ujerumani. Na hadi leo wako wafuasi wa Satmar huko Brooklyn, watu washika dini kwelikweli, wanaoikataa dola ya Israeli kwa hoja zinazotoka ndani ya dini yao wenyewe.

Wanaopenda habari za njama huanzia mwaka 1948, nami nitawafuata hukohuko, kwa sababu kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa chote. Rais Harry Truman alikuwa amechoshwa na wajumbe wa Kizayuni, yaani wa harakati ya kuunda dola ya Kiyahudi Palestina, waliokuwa wakimiminika kwake, hata hakutaka kuonana na yeyote mwingine kuhusu jambo hilo, na Chaim Weizmann, kiongozi wa harakati hiyo, mzee mgonjwa aliyevuka bahari kwa ajili ya kumwona, alikuwa akisubiri New York bila jibu. Aliyekwenda kumwombea nafasi hakuwa tajiri mkubwa wala mwanasiasa. Alikuwa Eddie Jacobson, Myahudi wa Kansas City, aliyekuwa jeshini pamoja na Truman wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakafungua pamoja duka la nguo za kiume ambalo halikudumu. Tarehe 13 Machi 1948 Jacobson aliingia Ikulu, na Truman akamjibu kwa ukali. Ofisini humo palikuwa na sanamu ndogo ya Andrew Jackson akiwa juu ya farasi. Jacobson akamwonyesha rafiki yake sanamu hiyo, akamwambia kwamba kama vile Truman alivyo na shujaa wake Jackson, yeye naye anaye wake, ndiye Weizmann, na kwamba hakumtarajia kukataa kumpokea mzee huyo kwa sababu tu watu wengine wamemkosea adabu rais. Truman akageuza kiti chake, akatazama nje ya dirisha kwa muda, kisha akakubali. Siku tano baadaye Weizmann aliingizwa Ikulu bila waandishi wa habari kujua.

Wasimulizi wetu huishia hapo. Ukweli ni kwamba kesho yake, tarehe 19 Machi, mjumbe wa Marekani katika Umoja wa Mataifa alitangaza kwamba nchi yake inauacha mpango wa kuigawa Palestina na inataka eneo hilo liwekwe chini ya udhamini wa Umoja huo, kinyume kabisa na alichohakikishiwa Weizmann na Truman. Wizara ya Mambo ya Nje chini ya George Marshall ilipinga kuitambua Israeli hadi siku za mwisho. Tarehe 14 Mei Truman aliitambua, dakika 11 baada ya dola hiyo kuanza, na wanahistoria hutaja sababu nyingi: malezi yake ya Biblia, uchaguzi wa mwaka huo, haja ya kuwatangulia Wasovieti, na hali ya manusura waliokuwa bado makambini Ulaya. Urafiki wa Jacobson ulimfungulia Weizmann mlango, na zaidi ya hapo hatuna ushahidi wa kuutukuza.

Miaka miwili baadaye likazuka suala la utiifu, ambalo ndilo wengi wetu hulitupia maneno bila kulichunguza. David Ben-Gurion, waziri mkuu wa Israeli, alikuwa akitoa wito kwa vijana wa Kiyahudi wa Marekani wahamie Israeli, na viongozi wao wakakasirika, kwa sababu walijiona Wamarekani kamili. Jacob Blaustein, rais wa American Jewish Committee, jumuiya iliyoundwa mwaka 1906, akasafiri hadi Jerusalem, na tarehe 23 Agosti 1950 yeye na Ben-Gurion wakatoa tamko kwamba Wayahudi wa Marekani, kama jumuiya na kama mtu mmoja mmoja, wana utiifu wa kisiasa kwa Marekani peke yake, na kwamba Israeli inazungumza kwa niaba ya raia wake tu. Naliona tamko hilo kuwa muhimu kuliko mambo mengi yanayoandikwa juu ya uhusiano huu. Hapo jumuiya ya raia wa nchi moja ilimwendea kiongozi wa nchi nyingine wanayoipenda na kumwekea mpaka.

Kwetu Tanga jambo hili halikupaswa kuwa gumu. Sisi Wadigo tuko Tanga na Mkinga upande huu, tuko Kwale upande wa Kenya, na mpaka waliouchora Wajerumani na Waingereza umepita katikati ya koo zetu. Serikali yetu ilipoufunga mpaka mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, wenye ndugu Lungalunga na Vanga ndio walioonja uchungu wake: arusi zilifungwa bila wajomba kuwapo, na wazee walizikwa bila watoto wao kumwaga mchanga kaburini. Ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Katika miaka yote hiyo kila Mdigo aliziombea Tanzania na Kenya zipatane, wengine wakamwandikia mbunge wao, wengine wakamfuata mkuu wa wilaya, na sikusikia mtu akisema kwamba Wadigo wanaitawala Nairobi au kwamba Utanzania wao una walakini. Mwenye jamaa pande mbili hutaka pande mbili zielewane.

Tofauti ni kwamba Wayahudi wa Marekani wamejipanga, na wamejipanga vizuri. Katika miaka ya 1950 Isaiah Kenen alianzisha chombo cha kuwashawishi wabunge waiunge mkono Israeli, ambacho leo kinajulikana kwa jina la AIPAC, na tangu wakati huo raia wa kawaida kutoka majimbo mbalimbali, daktari wa meno, mwenye duka, mwanafunzi wa chuo, hupangiwa miadi na mbunge wao, humweleza hoja zao, kisha hurudi tena mwaka unaofuata. Hufuatilia kura zake. Humkumbusha. Kazi hiyo inachosha, haina siri kubwa, na haileti ushindi kila mara.

Nasema haileti ushindi kila mara kwa sababu kushindwa kwao kumo katika kumbukumbu, lakini katika baraza zetu hakusimuliwi. Baada ya vita vya Suez, Rais Eisenhower aliibana Israeli mpaka ikaondoka Sinai mwezi Machi 1957, ijapokuwa wafuasi wa Israeli walipiga kelele na Bunge lenyewe lilisitasita. Mwaka 1981 Rais Reagan aliamua kuiuzia Saudi Arabia ndege za rada za AWACS. AIPAC ikakusanya nguvu zake zote kulizuia jambo hilo, na Baraza la Seneti likampa Reagan ushindi kwa kura 52 dhidi ya 48. Septemba 1991 Israeli iliomba dhamana ya mikopo ya dola bilioni 10 ili iwapokee wahamiaji kutoka Urusi ya Kisovieti, na Rais George H. W. Bush akataka ombi hilo liahirishwe kwa siku 120 kwa sababu ya makazi ya walowezi yaliyokuwa yakijengwa katika ardhi ya Wapalestina. Wanaharakati wa Kiyahudi zaidi ya 1,000 walifika bungeni siku moja kumpinga. Bush akasimama mbele ya waandishi wa habari akalalamika hadharani kwamba anapambana nao peke yake, na Bunge likakubali kusubiri. Dhamana ilipatikana mwaka uliofuata, baada ya Yitzhak Rabin kuingia madarakani na sera ya makazi kubadilika. Lile lalamiko la Bush liliwaumiza Wayahudi wengi, kwa kuwa lilifanana mno na shutuma za zamani dhidi yao, lakini matokeo yenyewe yanaonyesha nani alikuwa na neno la mwisho.

Halafu kuna mwaka 2015. Benjamin Netanyahu alihutubia Bunge la Marekani tarehe 3 Machi kuyapinga makubaliano ya nyuklia na Iran, AIPAC ikaendesha kampeni kubwa kuyazuia, lakini makubaliano yakapita. Katika mapambano hayo J Street, chombo kilichoanza kazi mwaka 2008 na ambacho nacho ni cha Wayahudi wanaoipenda Israeli na kutaka urafiki wa nchi hizo udumu, kilikuwa upande wa Rais Obama. Na Obama huyohuyo, aliyegombana na Netanyahu mbele ya dunia nzima, ndiye ambaye serikali yake ilisaini mwaka 2016 hati ya makubaliano ya msaada wa kijeshi wa dola bilioni 38 kwa miaka 10, kuanzia 2019 hadi 2028. Sehemu kubwa ya fedha hizo inarudi kununua silaha katika viwanda vya Marekani yenyewe, na hati hiyo iliondoa hatua kwa hatua ruhusa ya Israeli kuzitumia katika viwanda vyake. Mkataba kama huo una maslahi ya majenerali, ya wenye viwanda na ya wabunge wenye viwanda hivyo majimboni kwao. Kadhalika Nixon alipoipelekea Israeli silaha kwa ndege Oktoba 1973, alikuwa akizitazama silaha za Kisovieti zilizokuwa zikimiminika Misri na Syria. Na kwa upande wa kura, Wakristo wa kiinjili wanaoiunga mkono Israeli ni wengi kuliko Wayahudi wote wa Marekani. Chombo chao kikubwa, Christians United for Israel, kilianzishwa na mchungaji John Hagee mwaka 2006. Mbona hatusemi kwamba wachungaji wa Texas wanaitawala Marekani?

Kwa mtu anayedhani Wayahudi wote husema neno moja, namwomba aziangalie siku mbili tu. Tarehe 18 Oktoba 2023 Wayahudi waliovaa fulana nyeusi walikaa chini ndani ya jengo la ofisi za Bunge mjini Washington wakidai mapigano ya Gaza yasimamishwe. Polisi wakawakamata takriban 300, wakiwamo marabi waliokuwa wakisali. Tarehe 14 Novemba, katika mji huohuo, Wayahudi maelfu kwa maelfu walijaa uwanja mkubwa ulio mbele ya Bunge hilo wakiiunga mkono Israeli na kudai mateka warudishwe. Hawa na wale wanasoma Torati moja na kufunga siku moja ya Yom Kippur, na katika familia nyingi, bila shaka, walikuwa watoto na wazazi wao.

Sisemi haya ili kuufunika upande wa kukosoa. Tangu 2021 AIPAC imeacha desturi yake ya kukaa kando ya michango ya moja kwa moja kwa wagombea, na katika kura za mchujo za mwaka 2024 kundi lake la fedha lilitumia zaidi ya dola milioni 14 katika jimbo moja tu la uchaguzi huko New York kumwangusha mbunge Jamaal Bowman. Fedha za namna hiyo katika uchaguzi ni hatari kwa demokrasia yoyote, ziwe za AIPAC, za makampuni ya dawa au za wauza bunduki, na Wamarekani wengi, Wayahudi wakiwamo, wanalipinga jambo hilo. Anayesema kwamba silaha za Marekani zisitumike dhidi ya raia wa Gaza ana hoja ambayo mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Hoja hiyo inaelekezwa kwa serikali mbili zenye majina na saini, na inapungua nguvu pale inapogeuzwa kuwa shutuma kwa watu wa dini fulani, kwa sababu waliosaini hupata mahali pa kujificha.

Nimejiuliza kwa nini maelezo ya mkono uliofichika yanatuingia kwa urahisi hivi, nami naona sababu moja imo katika historia yetu wenyewe. Tulikuwa na urafiki na Israeli baada ya Uhuru. Wataalamu wao walisaidia Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa mwaka 1963, na Hoteli ya Kilimanjaro pale Dar es Salaam ilichorwa na wasanifu wao. Oktoba 1973 serikali ikauvunja uhusiano huo, mwaka 1995 ikaurudisha, na mwaka 2018 ikafungua ubalozi Tel Aviv, huku ikiwa imeitambua Palestina tangu 1988. Yote hayo yaliamuliwa juu. Hakuna jumuiya ya wananchi iliyoandamana kutaka urafiki huo ubaki, na hakuna iliyoandamana kutaka ufe. Tumezoea kwamba mambo ya nje ni ya Wizara, kwa hiyo tunapoona raia wa nchi nyingine wakiusukuma urafiki wa mataifa kutoka chini, kwa mikutano, barua na kura, tunaona kama muujiza na kuutafutia mchawi. Hapahapa Tanga tunao mfano mdogo wa namna nyingine, yaani uhusiano wa mji wetu na Eckernförde wa Ujerumani na Toledo wa Marekani, ambao umeendelea kwa sababu wapo watu wa kawaida wanaoandikiana na kutembeleana, mawaziri wawepo wasiwepo.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo na linatekelezeka katika chumba chako cha habari. Habari za mashirika ya nje zinapotafsiriwa, aliyetenda atajwe kwa jina lake. Ikiwa ni AIPAC iandikwe AIPAC, ikiwa ni J Street iandikwe J Street, ikiwa ni serikali ya Netanyahu au wizara fulani ya Marekani isomeke hivyo, na neno Wayahudi libaki kwa ajili ya habari zinazowahusu kweli Wayahudi kama watu na kama dini. Na pale kura inapopigwa katika Bunge la Marekani kuhusu msaada wa Israeli, tupeni hesabu ya kura pamoja na majina ya vyama, ili msomaji wa Pangani au wa Muheza aone mwenyewe nani alisimama wapi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga